Kopo la Mafuta Meupe

Guangzhou, 9 Mei 2025

Shangazi yangu Bi Kazija,

Shikamoo, na salamu kwa nyumba nzima ya Jang'ombe. Barua hii anakuletea Vuai wetu, ninayefanya naye biashara hapa, kwa mkono wake, pamoja na mkoba wa kahawia kutoka Shiling, kwenye viwanda vya mikoba. Zipu yake inakwama kidogo, ndiyo maana ni zawadi na si biashara.

Najua utasema simu ipo. Lakini wewe mwenyewe umenilea ukisema ya simu hupita, ya karatasi hukaa, na haya nataka yakae.

Mikoba imelala, shangazi. Wanunuzi wa nyumbani wanataka mitindo ambayo kiwandani bado hawajaifikiria. Mchana nazunguka soko la Zhanqian kutafuta nguo za watu walioniagiza, lakini asubuhi nimepata kazi, na usicheke: nasukuma chapati. Miaka mitatu Uchina, na kilichonipatia heshima ni mkono ulionifunza wewe jikoni kwako.

Kuna bwana mmoja wa Meksiko, anaitwa Ramiro. Alikuja hapa zamani kununua majinzi katika viwanda vya Xintang, akajaza makontena, mwisho akachoka na majinzi akafungua mkahawa hapa mjini, mtaa wa Taojin. Wafanyakazi wake Wachina wanamwita laoban, yaani bosi, na mimi namwita hivyo hivyo. Siku niliyopita pale nilimkuta msichana anasukuma mikate inatoka ramani ya Afrika. Nikashindwa kunyamaza. Nikaingia, nikashika mti wa kusukumia, nikawaonyesha duara. Laoban hakuniuliza jina. Aliniuliza kesho naweza kufika saa ngapi.

Chakula chenyewe kinaitwa burito. Chukua chapati kubwa nyembamba ya ngano, weka katikati maharage mazito, nyama iliyochambuliwa, kachumbari na pilipili, kunja ncha mbili ndani halafu uviringishe kama unavyomfunga mtoto mchanga. Kinashikwa mkononi, hakidondoshi kitu. Jina lake kwa Kihispania ni punda mdogo. Usiniulize kwa nini, sijajua bado.

Siri yake ni mafuta. Si ya maji wala samli. Ni meupe, mazito, yanatolewa stoo katika bakuli la chuma. Kidonge kimoja katika unga, na mkate unanyooka mpaka unaona vidole vyako upande wa pili. Kila Ijumaa baada ya sala Vuai ananisubiri nje ya mkahawa, naye hali mmoja, wa maharage tu, nyama tunaiepuka. Muulize.

Jaribu na wewe, tumia samli. Kisha uniambie.

Mwanao,
Swalha


Jang'ombe, Unguja, 2 Juni 2025

Mwanangu Swalha,

Marahaba. Mkoba nimeupokea, zipu nimeipaka mshumaa na sasa inakwenda kama mjumbe mwenye habari mbaya. Vuai kanenepa. Nikamuuliza, kaniambia ni wewe.

Sasa sikiliza. Punda! Nimesoma mara mbili nikadhani macho yangu. Unataka mimi, Kazija, nimuandalie Maalim Ussi punda katika sinia? Mtu ambaye hali kwa watu! Unamjua tangu mtoto. Jang'ombe nzima ni katika nyumba tatu tu hunyoosha mkono kula, na yangu ni moja, kwa sababu anajua nyama yangu imechinjwa na nani na sufuria yangu imeoshwa na nani. Basi mimi jina hilo nimelifuta. Hapa kwangu unaitwa mkate wa kukunja, na atakayetaja punda atakula nje.

Nimejaribu kwa samli kama ulivyosema. Wa kwanza ulipasuka tumboni, maharage yakanimwagikia kifuani. Nikajaribu kwa siagi ya kopo, ukakauka. Nikajaribu kwa mafuta ya nazi, ukawa mtamu lakini haukunjiki. Unga nimemaliza, na hasira zimenipanda, maana mimi si mtu wa kushindwa na chapati.

Unajua tarehe 19 Julai ni hitima ya marehemu Bwana Nassor, mwaka wa tano. Watu wamechoka na pilau yangu, hawasemi lakini naona wanavyoichota. Mwaka huu nataka kuwapa kitu hawajakiona. Ndani nitatia maharage ya nazi, nyama ya kukausha na pilipili ya embe. Nataka mkono wangu usifiwe, na jina la mume wangu litajwe watu wakiwa wameshiba vizuri.

Nitumie hayo mafuta meupe. Kopo moja linatosha. Na uniandikie asili yake huo mkate, maana Maalim ataniuliza umetoka wapi, na mimi sipendi kukwama mbele yake.

Shangazi yako,
Kazija


Guangzhou, 20 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimekuulizia asili, na nusura nifukuzwe kazi. Laoban anasema ukitaka kuwagombanisha Wameksiko wawili, waulize burito imezaliwa wapi.

Wapo wanaosema ni mji wa Juárez, mpakani na Marekani. Ati palikuwa na muuza chakula aliyebeba vyungu juu ya punda, akawa anafunga chakula ndani ya mikate mikubwa kisipoe. Wapo wanaosema mkate ukishakunjwa unafanana na matandiko yaliyoviringishwa mgongoni kwa punda. Laoban anasema zote ni hadithi za kuuzia chakula na aliyeanza hajulikani. Linalojulikana ni kuwa ni chakula cha kaskazini, kwa sababu kule ngano inastawi. Kusini kwao wanakula mikate ya mahindi, na ukiagiza burito katika baadhi ya miji huko watakutazama kama umeagiza urojo Mwanza.

Kwao yeye, Sonora, huko huko kaskazini, mkate unatandazwa kwa mikono mpaka unafika kwenye kiwiko, na ndani ni nyama tu au maharage tu. Juárez ni midogo, kila mmoja na mchuzi wake mzito. Ukivuka Marekani mambo yanaharibika, anasema yeye. San Francisco wanatia wali, maharage, nyama na malai, wanaufunga kwa karatasi ya foili, na mtu mzima anashindwa kuumaliza. San Diego wanatia chipsi ndani. Hapo nilicheka peke yangu, maana sisi wa chipsi mayai tuna nini cha kuwasema? New Mexico wanaumwagia mchuzi wa pilipili juu, wanakula kwa uma. Na hapa Guangzhou kuna Wachina wanaouomba na nyama ya bata na tango. Laoban anawapa, huku akimwomba radhi mama yake kwa sauti.

Kwa hiyo wa kwako wa maharage ya nazi nao utakuwa na nchi yake. Mwambie Maalim Ussi hivyo.

Kopo analeta Haidar, mwenzetu mwengine wa biashara, ni lile la maziwa ya unga, nimelifunga nailoni mara tatu. Nimelijaza mwenyewe leo asubuhi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia stoo, kuna giza na kumebanana, nikachota haraka haraka nikatoka.

Tumia kidogo, shangazi. Kidogo kinatosha.

Swalha


Jang'ombe, 22 Julai 2025

Swalha mwanangu, mtoto wa baraka,

Kaa kitako usome.

Kwanza nikuombe radhi, maana sikukutii. Uliponipigia simu ile siku umebabaika, unaniambia kopo limeharibika njiani kwa joto, shangazi litupe, nami nikasema sawa. Nikakata simu, nikalifungua. Nikanusa, halina harufu. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, halina uchungu. Nikajisemea huyu mtoto amekaa na matajiri, amesahau kuwa kwetu neema haitupwi. Nikayachemsha na mchaichai, nikayaacha yapoe, nikaendelea na kazi yangu.

Mkate ulinyooka, Swalha! Niliinua wa kwanza mbele ya dirisha nikaona kivuli cha mkono wangu. Nikaita jirani aje aone.

Hitima ilijaa mpaka barazani. Baada ya dua nikatoa masinia, na watu kwanza wakatazamana. Kisha Maalim Ussi akachukua mmoja. Akaula wote, na wewe unajua yeye hutafuna kama anahesabu. Akachukua wa pili. Hapo masinia hayakukaa. Alipomaliza akauliza nani kafundisha, nikamwambia ni Swalha wetu, kutoka Uchina. Akainua mikono akawaombea marehemu, na mikono iliyopika, na aliyeko mbali. Watu wakaitikia amina. Nililia, sikuona haya.

Habari ya kopo sikumwambia mtu, hiyo ni siri ya mpishi.

Na sasa hivi, nikikuandikia, nimetoka kukubaliana harusi. Mjukuu wa Maalim, Jaffari, anaoa tarehe 23 Agosti, na wanataka mikate mia mbili. Kopo limebaki zaidi ya nusu, nimelifungia kabatini.

Mtaani wanauita mkate wa Swalha.

Shangazi yako mwenye furaha,
Kazija


Guangzhou, 30 Julai 2025

Shangazi,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni kwa Haidar, na nikabaki nimesimama. Nimeshika simu mara nne kukupigia. Mara nne nimeiweka, kwa hiyo naandika, na Haidar anaondoka kesho.

Usifungue kopo tena. Yale mafuta ni ya nguruwe.

Sikujua, shangazi. Wallahi nayaona katika bakuli tu, meupe, hayana alama. Baada ya Haidar kuondoka na kopo, gari la mzigo likaja, ndoo mpya zikashushwa mbele yangu, na picha ya mnyama iko juu ya kifuniko. Huko Sonora ndivyo mama zao walivyopika tangu zamani, kwao ni chakula kama kingine. Ndipo nikakupigia simu nikakwambia limeharibika. Nilidhani utalitupa tu na mambo yataishia hapo, wala hutajua nimekutumia nini. Niliona haya. Nimekudanganya kwa haya, na uongo wangu ndio uliomlisha Maalim Ussi.

Limwage lote. Mikate ya harusi ipike kwa mafuta ya mboga, yale magumu ya kupikia keki, itakunjika, nimeijaribu. Na nakuomba kwa mapenzi yako kwangu, usimwambie mtu. Aliyekula bila kujua hana dhambi, na wewe hukujua. Ukinyamaza hakuna atakayepungukiwa na kitu. Ukisema, ni nani atakula tena jikoni kwako?

Nisamehe. Najiona mchafu mpaka kwenye kucha.

Swalha


Jang'ombe, 9 Agosti 2025

Swalha,

Kopo nimelichimbia uani. Kibao na mti wa kusukumia nimevichoma. Sufuria na masinia nimeyaosha mara saba, moja kwa udongo, na jirani kaniuliza naosha nini namna hii, nikamwambia kutu.

Vuai alikuwa hapa juzi, kaja kunisalimu kabla ya kurudi huko. Sikumwambia kitu. Nilimuuliza tu, kama mtu anayeuliza habari za safari, nyinyi watoto wa Kiislamu mnapofika Uchina mnakula vipi. Akacheka. Kaniambia neno la mwanzo mnalofundishwa, hata kabla ya ahsante, ni nguruwe. Kaniambia mnafundishana kulisema na kulisoma, alama yake mnaijua kama jina lenu, na mtu akikaa mwezi mmoja bila kuijua mnamcheka.

Wewe umekaa miaka mitatu.

Na barua yako ya Juni ninayo hapa. Umeandika uliingia stoo mwenyewe, ukachota mwenyewe. Mafuta hayakai hewani, Swalha. Yalikuwa ndani ya kitu, na kitu kina maandishi.

Sitaki radhi bado. Nataka uniambie ulichokiona.

Kazija


Guangzhou, 19 Agosti 2025

Shangazi,

Sikuona kitu. Hilo ni kweli, na ndilo baya kuliko yote.

Ndoo ilikuwa imeelekezwa ukutani. Maandishi yalikuwa upande wa pili. Nilipoinama kuchota, mkono wangu ulishika ukingo wake, na ilikuwa nyepesi, imebaki nusu. Ningeizungusha kwa vidole viwili. Nilijua hivyo pale pale. Nilisimama kidogo, nikachota nikiangalia mafuta tu, nikatoka.

Nilishuku tangu wiki ya kwanza. Harufu yake inapopata moto si ya ng'ombe, mimi nimekulia jikoni kwako, pua yangu umeifunza wewe. Lakini nilikuwa nimeshaonja heshima. Vuai alikuwa ameshakula. Mimi nilikuwa nimeshakula. Nikaona nikiuliza nitajibiwa, na nikijibiwa sina tena kazi wala sifa, nitarudi kuwa Swalha wa mikoba iliyolala. Nikaamua kutojua. Kila asubuhi naamua upya. Kisha ukaomba kopo, na hata hapo sikuigeuza ile ndoo. Nilikuandikia tumia kidogo, kana kwamba kidogo kingenipunguzia.

Juzi nilimwambia laoban. Nilidhani atakasirika. Akashangaa. Akasema, "Mimi nilidhani unajua. Nikaona unakula, nikasema labda wewe si wa kushika sana, na mambo ya dini ya mtu siulizi." Halafu akaniambia California mikahawa mingi hutumia mafuta ya mboga na mkate unatoka vizuri tu, ningemwambia siku ya kwanza angebadilisha siku ile ile. Na kweli jana kabadilisha. Swali moja tu, shangazi. Lilikuwa linatosha swali moja. Nimeacha kazi, si kwa sababu yake, ni kwamba siwezi kuutazama uso wake mzuri ule.

Vuai nimemwambia vile vile. Nilimkuta Zhanqian anafunga mabando ya mashati. Alisikiliza mpaka mwisho, mkanda wa gundi mkononi. Akauliza, "Ijumaa zote?" Nikamwambia zote. "Nimetoka msikitini, nakuja kwako?" Nikamwambia ndiyo. Akageuka akaendelea kufunga mabando.

Sasa umejua nilichokiona. Fanya utakavyo, na radhi usinipe kama huna.

Swalha


Jang'ombe, 4 Septemba 2025

Mwanangu,

Radhi unayo. Naanza na hilo usije ukasoma yaliyobaki ukitetemeka. Mimi nimekulea, na mtu halei mtoto kwa siku zake nzuri tu.

Lakini kunyamaza ulikoniomba sikukuweza. Chakula cha hitima si changu, Swalha, ni sadaka ya maiti. Siwezi kumuacha Bwana Nassor na sadaka kama ile kisha mimi nikakaa barazani naitikia salamu.

Nilianza kwa Maalim Ussi, kabla ya harusi. Nilimkuta anasoma. Nikamwambia kwa maneno machache, maana mengi yangekuwa ya kujitetea. Alifunga kitabu. Akaomba maji, akatoka nje, nikamsikia anasukutua. Aliporudi akasema asiyejua hana dhambi, na akaniuliza kama nilijua. Nikasema sikujua. Akaniuliza, "Na aliyekuletea, alijua?"

Nikasema hakuna aliyeniletea. Nikasema nililinunua mwenyewe Darajani, kwa mtu wa kupita njia simjui, kopo halina maandishi.

Swalha, miaka thelathini na minane namjua mtu yule na hajasikia uongo mdomoni mwangu. Alinitazama, akasema, "Bi Kazija, neno lako linanitosha." Akanisindikiza mpaka mlangoni.

Baada ya hapo nikapita nyumba hadi nyumba. Thelathini na moja. Wengine wamenipa maji nikanywa, wengine wamenisikiliza mlangoni. Mmoja alianza kutapika mbele yangu, na hitima ilikuwa Julai. Kila nyumba nilisema Darajani. Mwisho nikawa nasema bila kupepesa, hata uso wa yule muuzaji nikawa naweza kuueleza, mfupi, ana kofia ya bluu.

Harusi ya Jaffari amepika mwengine. Nilialikwa, nikaenda, nikakaa na wageni. Harusi mbili nyengine zimeniomba radhi kuwa tarehe zimebadilika, na hazijabadilika. Hayo nayaweza. Mkono utarudi, watu husahau. Ila nikisimama kuswali sasa, lile neno lake linanijia, linanitosha, linanitosha, na rakaa zinanipotea.

Wewe usiseme kitu. Una maisha mbele, unataka kuolewa, unataka kurudi na biashara yako, na jina la mtoto wa kike likishapakwa haliondoki kwa kusugua. Mimi ni mtu mzima, nimeshakula chumvi nyingi. Niachie hili.

Shangazi yako anayekupenda,
Kazija


Guangzhou, 17 Septemba 2025

Kwa Maalim Ussi, na kwa wote mliokula hitima ya marehemu Bwana Nassor, huko Jang'ombe, tarehe 19 Julai,

Asalaam alaykum.

Barua hii haijafungwa. Anaileta Vuai, ambaye hajanisamehe, lakini amekubali kuibeba na amekubali kuisoma mbele yenu baada ya sala. Nimemuomba shangazi yangu Bi Kazija awepo, na nimemuomba asimzuie. Atakasirika. Mtamvumilia.

Mimi ni Swalha Khamis Haji, mnayemjua. Kopo la mafuta yaliyopikiwa mikate ile halikununuliwa Darajani. Hakuna muuzaji wa kofia ya bluu. Nililijaza mimi Guangzhou, kutoka ndoo ya mafuta ya nguruwe katika mkahawa niliokuwa nikifanya kazi, nikalituma kwa Haidar bila Haidar kujua ndani mna nini.

Maalim, ulimuuliza shangazi yangu kama aliyemletea alijua. Jibu ni hili. Ndoo ilikuwa imegeukia ukutani, na mimi nilikuwa na shaka, na mkono wangu ulikuwa juu yake, na sikuigeuza. Kwa hiyo sijui niseme nilijua au sikujua. Wewe una elimu, utanipa jina la mtu wa namna hiyo.

Nilipohakikisha, nilimpigia simu nikamwambia limeharibika. Yeye akaona neema isitupwe. Laiti ningesema neno moja la kweli siku ile, msingekula. Kisha nikamuomba anyamaze. Alikataa kunyamaza, akaja kwenu nyumba thelathini na moja kwa miguu yake, na akanifunika mimi kwa jina lake.

Sikuombeni mnisamehe kwa barua. Tarehe 11 Oktoba nitashuka Unguja, na nitapita kwenye milango ile ile. Atakayetaka kunifukuza anifukuze, nitakuwa nimesimama mbele yake.

Ninachokuombeni leo ni kimoja, na nakuomba wewe hasa, Maalim. Ulimwambia shangazi yangu neno lake linakutosha. Liendelee kukutosha. Katika umri wake wote amekudanganya mara moja, na hata ile mara moja uongo ulikuwa wangu, yeye alinibebea tu. Sasa nimeuchukua.

Swalha Khamis Haji